Kijidudu cha Kifua Kikuu na Chanjo ya Peptidi

Neno chanjo latokana na kuchanja, na kuchanja ni kukata ngozi au kupasua kitu vipande. Mganga huchanja chale, mpasuaji huchanja kuni, na muuguzi humchanja mtoto. Neno moja labeba kazi zote hizo, wala halikukosea, kwa kuwa chanjo ya kwanza, ile ya ndui, ilitiwa kwa kukwaruza ngozi. Makala haya yakusudia kueleza chanjo ya namna nyingine, ambayo kuchanja kwake huanza mbali kabla ya sindano kumfikia mtu. Kijidudu chenyewe huchanjwa mfano wa gogo. Protini zake hugawanywa, kwa hesabu na kwa majaribio, kuwa vipande vidogo sana. Kisha huchaguliwa vipande vichache, navyo peke yake hutiwa mwilini ili vifundishe kinga. Vipande hivyo huitwa peptidi, na ugonjwa tutakaoutazama ni kifua kikuu. Kuvitengeneza vipande hivyo si kazi ngumu tena. Kazi ngumu ni kuvichagua, na habari ya uchaguzi huo ndiyo itakayotushughulisha hapa.

Msomaji atataka kujua kwanza kwa nini itafutwe chanjo nyingine hali chanjo ipo. Chanjo iliyopo ni BCG, na herufi hizo zahifadhi majina ya Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, waliofanya kazi katika Taasisi ya Pasteur ya mji wa Lille. Mwaka 1908 walianza kuotesha kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa katika nyongo ya ng'ombe na glisirini, wakakihamisha mahali papya kila baada ya majuma matatu hivi. Walirudia kazi hiyo mara 230 kwa muda wa miaka 13, na katika miaka hiyo Vita Kuu ya Kwanza ilipita na Lille ikatwaliwa na majeshi ya Wajerumani, lakini mbegu yao haikukatika. Kijidudu kilipoteza ukali wake kidogo kidogo, na mwaka 1921 mtoto mchanga wa Paris aliipata chanjo hiyo kwa kunyweshwa.

BCG ni chanjo njema kwa watoto wachanga. Huwalinda na kifua kikuu cha utando wa ubongo na kile kinachotapakaa mwili mzima, magonjwa mawili yauayo upesi. Lakini kwa watu wazima, ambao ndio wakohoao na kuueneza ugonjwa, sifa yake hutofautiana kutoka nchi hadi nchi kwa namna ya kushangaza. Katika majaribio yaliyofanywa Uingereza tangu miaka ya 1950 kwa vijana waliokuwa karibu kumaliza shule, ilizuia ugonjwa kwa watu karibu wanne katika kila watano. Katika jaribio kubwa la Chingleput, kusini mwa Bara Hindi, lililoanza mwaka 1968, watu wazima hawakupata ulinzi wowote. Huko Karonga, kaskazini mwa Malawi, matokeo yaliyotangazwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba kuirudia chanjo hiyo mara ya pili hakuzuii kifua kikuu, ingawa kulipunguza ukoma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu, na milioni 1.25 walikufa. Hivyo ndivyo mambo yalivyo zaidi ya miaka mia moja baada ya mtoto yule wa Paris.

Tena BCG ni kijidudu hai. Mtoto aliyezaliwa na virusi vya ukimwi, ambaye dawa bado hazijaimarisha kinga yake, aweza kudhuriwa nayo, na kwa hiyo hushauriwa asipewe mpaka ahali yake itengemae. Kuna pia kumbukumbu ya Lübeck, mji wa Ujerumani, ambako mwaka 1930 watoto zaidi ya 70 walikufa baada ya kunyweshwa chanjo iliyochanganyika na kijidudu kikali katika maabara ya hapo. Kosa halikuwa la BCG yenyewe. Lakini tukio hilo laonyesha ni uangalifu wa kiasi gani unaotakiwa katika kushika kitu chenye uhai. Peptidi haina uhai. Haioti, haizaani, haichanganyiki na ndugu zake wakali, na ikitunzwa hali imekaushwa hudumu. Hapo ndipo ilipoanzia tamaa ya kuitumia.

Yafaa tusimame kidogo penye neno lenyewe. Emil Fischer, mkemia wa Berlin, ndiye aliyevipa vipande hivyo jina la peptidi mwanzoni mwa karne ya 20, akilitwaa katika neno la Kiyunani lenye maana ya kumeng'enya chakula, maana vipande vya namna hiyo vilijulikana kwanza katika protini iliyomeng'enywa. Mfasiri apendaye kuufuata mfano huo angeweza kusema kimeng'enywa. Lakini kimeng'enya kimekwisha kuzoewa katika vitabu vyetu vya sayansi kuwa jina la enzaimu, yaani kile kikatacho, na tofauti kati ya mkataji na mkatwaji ingebaki kuning'inia kwenye herufi moja ya w. Katika sarufi tofauti hiyo yatosha. Katika maandishi ya dawa haitoshi. Kwa hiyo naona heri kubaki na peptidi.

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, na asidi amino hizo ni za aina 20. Mnyororo ukiwa mfupi, tuseme wa asidi amino mbili hata hamsini hivi, ndio huitwa peptidi. Ajuaye habari za lugha hatapata shida kulifahamu jambo hili: asidi amino ni kama herufi, peptidi ni kama neno, na protini ni kama aya nzima. Kwa herufi 20 yawezekana kuandika maneno ya herufi tisa tisa yapatayo bilioni 512, wala mwili hauna budi kujua katika wingi huo ni lipi lake na ni lipi la adui.

Jinsi mwili uyasomavyo maneno hayo ndiyo nguzo ya mambo yote yafuatayo. Kijidudu cha kifua kikuu, alichokitambulisha Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, huvutwa kwa pumzi na kumezwa na makrofaji, yaani seli za mapafu ambazo kazi yake ni kula uchafu na vijidudu. Kwa kawaida kiliwacho hufa. Hiki hukaa humo humo ndani ya mlaji wake na kupafanya makao. Askari wa kawaida wa damu, kingamwili, hawawezi kukifuata humo kwa urahisi, kwa sababu kazi yao kubwa hufanyika nje ya seli. Lakini seli ina desturi ya kukata kata protini zilizomo ndani yake na kuvitoa vipande nje, juu ya ngozi yake, vikiwa vimewekwa juu ya protini nyingine ziitwazo HLA. Tuziite sinia, kwa kuwa kazi yao ni kuandalia. Seli T za damu hupita zikitazama masinia hayo, na ikiwa mojawapo yaona juu yake kipande kigeni, hutoa habari, huiamsha makrofaji iliyolala, au huiua.

Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, walipokuwa Canberra nchini Australia, walionyesha mwaka 1974 kwamba seli T haimtambui adui peke yake. Humtambua akiwa pamoja na alama ya mwenyeji. Kwa ugunduzi huo walipewa Nishani ya Nobel mwaka 1996. Mwaka 1987 Pamela Bjorkman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha umbo la sinia hilo, na katikati yake pakaonekana mfereo, na ndani ya mfereo peptidi imelala. Ziko sinia za namna mbili. Za kwanza huchukua vipande vifupi vya asidi amino nane hata kumi, na husomwa na seli T ziitwazo CD8. Za pili huchukua vipande virefu kidogo, vya asidi amino 13 hata 25, na husomwa na seli T za CD4. Katika kifua kikuu CD4 ndizo zenye kazi kubwa zaidi. Ushahidi mzito ni ukimwi, ambao huziangamiza seli hizo hizo, na kifua kikuu huwa miongoni mwa magonjwa ya kwanza kumwingia mgonjwa.

Basi, ikiwa mwisho wa yote seli T huona kipande tu, kwa nini mtu atiwe kijidudu kizima? Fikira hii ndiyo chanzo cha chanjo ya peptidi, nayo ni nyofu. Chombo cha kuitimizia kilipatikana mwaka 1963, Bruce Merrifield wa New York alipobuni njia ya kujenga peptidi kwa kushikiza asidi amino ya kwanza juu ya punje ngumu na kuongeza nyingine moja moja. Kabla ya hapo kutengeneza peptidi moja kuliweza kula miezi. Sasa mashine huitengeneza kwa siku chache. Mwaka 1998 orodha yote ya jeni za kijidudu cha kifua kikuu ilichapishwa na Stewart Cole na wenzake, herufi za DNA milioni 4.4 zilizo na jeni zipatazo 4,000. Tangu hapo kila neno ambalo kijidudu chaweza kulitamka liko wazi mbele ya msomaji.

Lakini kuijua kamusi nzima si kujua ni neno gani liseme. Shida ya kwanza ni wingi wa masinia. Kila mtu hurithi sinia zake kwa baba na kwa mama, na aina zake zilizokwisha kuandikwa kwa wanadamu wote zapita maelfu kwa maelfu. Kipande kinachokaa vizuri katika sinia la mtu wa Mombasa chaweza kuteleza katika sinia la jirani yake, na kwa huyo wa pili chanjo ikawa kama maji matupu. Panya wa maabara hawalionyeshi jambo hili, kwa kuwa wamezalishwa ndugu kwa ndugu hata wote wana masinia ya aina moja. Kwa sababu hiyo peptidi iliyowaokoa panya haitupi haki ya kutumaini kwamba itawaokoa watu, na nadhani taarifa nyingi za furaha zilizoandikwa juu ya panya zingepungua urefu kama jambo hili lingekumbukwa kila mara.

Dawa ya shida hiyo ni kuchagua vipande vingi, au vile vinavyokaa katika masinia ya aina nyingi. Mwaka 2013 Cecilia Lindestam Arlehamn, Alessandro Sette na wenzao wa La Jolla, California, walitoa taarifa ya kazi ambayo kabla yake haikuwahi kufanywa kwa ukubwa ule. Walipitia jeni zote za kijidudu, wakachagua kwa hesabu za kompyuta peptidi zaidi ya 20,000 zilizoelekea kukaa katika sinia za namna ya pili, kisha wakazijaribu kwa damu ya watu wenye kijidudu mwilini lakini wasiougua. Iligunduliwa kwamba seli T za watu hao haziangalii protini chache mashuhuri tu, kama wengi walivyodhani, bali huangalia protini nyingi, ingawa sehemu kubwa ya mwitiko hukusanyika katika visiwa vitatu vya jeni. Baadaye zilichaguliwa peptidi 300 ambazo seli za watu wa nchi mbalimbali huziitikia. Hata hivyo peptidi 300 ni zana nzuri ya utafiti, si chanjo. Hapana kiwanda kitakachozitia zote katika chupa moja.

Wengine wamejaribu kuunganisha vipande kumi au ishirini katika mnyororo mmoja, kama shanga. Hapo huzuka tatizo ambalo wataalamu wa lugha watalitambua mara moja. Andika watu na mali bila kuacha nafasi, upate watunamali, na msomaji asiyejua ulipoanzia aweza kusoma humo tuna mali, jambo ambalo hukulisema. Vivyo hivyo, pale peptidi mbili zinapogusana huzaliwa neno la tatu lisilokuwamo katika kijidudu, na kinga yaweza kujifunza neno hilo la bure. Kwa hiyo hutiwa kati yake asidi amino chache za kutenga, mfano wa nafasi kati ya maneno, ili seli ijue mahali pa kukata. Mpango huo hufaa mara nyingi, lakini si kila mara, kwa kuwa mkasi ni wa seli yenyewe.

Shida nyingine yaweza kuelezwa upesi. Peptidi ikitiwa mwilini peke yake hukatwa na kupotea, na kinga huidharau, maana haiambatani na dalili yoyote ya hatari. Kijidudu kizima hubeba mafuta na sukari zinazoigutusha kinga; kipande kitupu hakina hayo. Lazima basi kiambatanishwe na kitu cha kuamsha, ambacho tutakiita kiamsho. Katika Chuo Kikuu cha Sydney, kundi la Richard Payne na Warwick Britton lilishikamanisha kipande cha asidi amino 20 cha protini iitwayo ESAT-6 na mafuta yanayofanana na yale ya bakteria, hata kipande na kiamsho vikawa kitu kimoja. Taarifa yao ya mwaka 2019 yasema kwamba panya waliopewa chanjo hiyo kwa njia ya pua walipata seli za ulinzi ndani ya mapafu, na vijidudu vikapungua humo. Njia ya pua yastahili kuangaliwa, kwani ndiyo njia aipitiayo adui mwenyewe. Ila tukumbuke habari ya masinia ya panya.

Sasa twafikia jambo zito zaidi. Hata tukipata kipande kinachokaa katika sinia la kila mtu, na kiamsho kilicho bora, bado kuna swali: je, kipande hicho huonekana kweli juu ya seli iliyoambukizwa? Samuel Behar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliichunguza protini moja iitwayo TB10.4. Panya walioambukizwa hutoa majeshi makubwa ya CD8 yanayotambua kipande cha protini hiyo, kiasi kwamba mtu angedhani hicho ndicho kipande cha kuchanjia. Lakini katika taarifa ya mwaka 2018 walionyesha kwamba majeshi hayo, yakiwekwa mbele ya makrofaji yenye kijidudu hai ndani yake, hayaitambui. Sinia halina kipande hicho juu yake. Yaelekea kijidudu huitupa protini hiyo mahali pengine, kinga ikaifuata huko kwa hamaki, na nyumba yenyewe ikaachwa bila mlinzi. Wengi tangu hapo wameiita chambo.

Lazima pia kutaja jaribio lililofanywa Afrika ya Kusini kwa watoto wachanga 2,797, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2013. Walikuwa wamekwisha kupata BCG, na wakaongezewa chanjo ya MVA85A, iliyobeba protini moja tu ya kijidudu, Ag85A. Seli T za kuitambua protini hiyo zilionekana katika damu yao. Ugonjwa haukupungua kwa kiasi cha kuaminika. Tangu mwaka huo haikufaa tena kusema kwamba chanjo imefaulu kwa kuwa damu imeitikia.

Katika magonjwa mengi, sehemu ya kijidudu inayotambuliwa na kinga ndiyo kijidudu huibadili upesi, kama mwizi abadilivyo kanzu. Mafua hufanya hivyo mwaka hadi mwaka, na virusi vya ukimwi hufanya hivyo ndani ya mgonjwa mmoja. Mwaka 2010 Iñaki Comas, Sebastien Gagneux na wenzao walizisoma jeni za mbegu 21 za kijidudu cha kifua kikuu kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakalinganisha humo vipande 491 ambavyo seli T za binadamu hujulikana kuvitambua. Ilitazamiwa kwamba vipande hivyo vitakuwa na mabadiliko mengi kuliko sehemu nyingine. Ikawa kinyume. Vipande hivyo ndivyo vilivyohifadhiwa zaidi, na vilivyo vingi mno havikuwa na badiliko hata la asidi amino moja. Kijidudu kilichoishi na wanadamu kwa maelfu ya miaka hakikujali kuificha sura ambayo kinga huiangalia.

Maelezo waliyoyatoa ni kwamba huenda kijidudu chapata faida kwa kutambuliwa. Kifua kikuu huenea kwa kikohozi, na mgonjwa aenezaye zaidi ni yule ambaye pafu lake limeoza na kufanya tundu lililofunguka katika njia ya hewa. Tundu hilo halichimbwi na kijidudu peke yake. Sehemu kubwa ya uharibifu ni kazi ya kinga yenyewe katika vita vyake. Wagonjwa wa ukimwi uliokwisha kukomaa, ambao CD4 zao zimekwisha, mara nyingi hawana matundu hayo. Ikiwa ni hivyo, kijidudu chataka kinga ipigane, ila isishinde. Na mtengeneza chanjo anayechagua vipande kwa kufuata nguvu ya mwitiko wa damu aweza kuwa anachagua vile vile ambavyo kijidudu chenyewe kingependa achague.

Sidhani kwamba hoja hii yatosha kuviacha vipande vilivyohifadhiwa. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya wanadamu wameambukizwa, na wengi wao hawaugui maisha yao yote, na kinga iwalindayo ni hii hii yenye kutazama vipande hivi. Lakini yatosha kuondoa kile kipimo rahisi kisemacho kwamba kipande kinachoitikiwa kwa nguvu ndicho bora. Mwaka 2015 Mireia Coscolla na wenzake walipata protini chache ambazo vipande vyake hubadilika kati ya mbegu na mbegu, dalili kwamba huko kinga humsumbua adui kweli. Orodha hiyo ni fupi, na kwa maoni yangu yastahili kuangaliwa zaidi kuliko ilivyoangaliwa.

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba njia ya vipande imefungwa. Haikufungwa. Chanjo iitwayo M72 si ya peptidi kwa maana kamili, lakini ni binamu yake wa karibu: ni sehemu za protini mbili za kijidudu zilizounganishwa kuwa moja, pamoja na kiamsho cha AS01. Ilijaribiwa Kenya, Zambia na Afrika ya Kusini kwa watu wazima zaidi ya 3,500, wasio na virusi vya ukimwi, ambao kipimo kilionyesha kwamba kijidudu kimekwisha kuwaingia. Katika miaka mitatu, waliochanjwa kwa kweli wakaugua walikuwa 13, na waliochomwa sindano tupu wakaugua walikuwa 26. Ni karibu nusu kwa nusu, na hesabu yenyewe ni ndogo. Lakini ni mara ya kwanza kwa vipande vilivyochaguliwa na wanadamu kuzuia kifua kikuu cha mapafu kwa watu wazima. Jaribio kubwa la watu hadi 20,000 lilianza mwaka 2024, katika Afrika ya Kusini na nchi nyingine za Afrika na Asia, Kenya ikiwemo. Chanjo nyingine ya jamii hiyo, H56, iliyokuwa na ESAT-6 ndani yake, ilijaribiwa Afrika ya Kusini na Tanzania kwa watu waliokwisha kupona kifua kikuu, ili kuona kama itazuia kurudi kwake. Haikuzuia. Chanjo mbili za mpango mmoja, tofauti yao kubwa ikiwa ni vipande vilivyotiwa, viamsho vyake na watu waliopewa; na hakuna aliyeweza kusema tangu mwanzo ni ipi itakayofaulu.

Ili kuacha kubahatisha, wako waliogeuza kazi kichwa chini. Badala ya kuuliza damu huitikia nini, wauliza sinia limebeba nini. Bryan Bryson na wenzake wa Massachusetts waliambukiza makrofaji za binadamu, wakayakusanya masinia yake, wakavitoa vipande vilivyolala juu yake na kuvipima uzito kwa mashine hata wakayajua majina yake. Taarifa yao ya mwaka 2023 yasema kwamba vipande vya kijidudu vilivyopatikana katika sinia za namna ya kwanza vilikuwa vichache, na vingi vilitokana na protini ambazo kijidudu huzitoa nje kwa mlango wake maalumu, ambao ESAT-6 nayo hupitia. Kazi hii ni ya taratibu na ya gharama, kwa kuwa katika vipande maelfu vya mwenyeji huonekana vichache tu vya adui. Lakini kipande kilichoonwa kwa macho ya mashine juu ya seli yenye kijidudu hakiwezi kuwa chambo cha namna ya TB10.4, na hiyo si faida ndogo.

Kwa upande mwingine peptidi zimekwisha kuingia hospitalini kwa mlango ambao wengi hawakuutazama. BCG, katika safari yake ya miaka 13 juu ya viazi, ilipoteza kipande cha jeni zake, na ndani yake zilikuwamo jeni za ESAT-6 na ndugu yake CFP-10. Kijidudu kikali kina protini hizo; BCG haina. Basi damu ya mtu ikichanganywa na peptidi zilizotengenezwa kwa mfano wa protini hizo mbili, ikaitikia, hujulikana kwamba kijidudu chenyewe kimemwingia, wala si BCG ya utotoni. Ndicho kipimo kilichotumika kuwachagua watu wa jaribio la M72. Koch naye mwaka 1890 alitangaza tubakulini, maji yaliyotokana na vijidudu vyake, kuwa dawa ya kuponya. Haikuponya, na wengine iliwadhuru, lakini ilibaki kuwa kipimo cha ngozi kwa zaidi ya karne moja.

Hapo pana fundo ambalo watengenezaji wa chanjo hawana budi kulifungua mapema. ESAT-6 ni miongoni mwa protini zinazotambuliwa na watu wengi zaidi, na kwa hiyo huvutia kutiwa katika chanjo. Lakini mtu akichanjwa nayo, damu yake yaweza kuitikia kipimo kana kwamba ameambukizwa, na daktari hataweza tena kutenga aliyechanjwa na aliyeingiliwa na ugonjwa. Ama protini hiyo iachwe nje ya chanjo, kama ilivyoachwa katika M72, ama kitafutwe kipimo kingine kitumiacho peptidi zisizomo katika chanjo. Waliotengeneza H56 walichagua njia ya pili na kuanza kuandaa kipimo kisicho na ESAT-6.